Rangi kama Ishara: Kuchora Vina vya Utenzi kwa Lugha ya Programu R

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mtafiti wa fasihi ya Kiswahili anavyoweza kuitumia lugha ya programu R kuchora, kwa rangi, mpangilio wa vina katika utenzi. Hoja inayojengwa ni kwamba rangi katika mchoro wa data ni ishara yenye maana, si pambo. Kwa hiyo ikiwekwa bila kuzingatia swali la utafiti, inaweza kuficha kosa lililomo katika data na kumwonyesha msomaji kosa ambalo halimo.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa isimu na fasihi wanaotumia kompyuta katika tasnifu zao huishia mara nyingi kwenye majedwali. Hesabu hufanywa, tarakimu hupangwa, na msomaji huachiwa kazi ya kuusaka ruwaza mwenyewe katika safu ndefu za namba. Pale mchoro unapotolewa, huwa ni grafu ya nguzo au ya duara iliyopakwa rangi zote zilizopatikana, na ukiuliza kwa nini nguzo ya tatu ni nyekundu hupati jibu. Bertin (1967) aliichukulia rangi kuwa mojawapo ya vipengele vya mfumo wa ishara za kuonekana, sambamba na mahali, ukubwa na umbo. Cleveland na McGill (1984), walipopanga uwezo wa jicho kupima kiasi, waliweka mahali kwenye kipimo kimoja mwanzoni mwa orodha, na ukolezi wa rangi mwishoni kabisa. Fundisho lake kwa mchoraji ni kwamba rangi ni dhaifu katika kusema "kiasi gani". Nguvu yake iko katika kusema "huyu si yule".

Utenzi unafaa sana kuwa mfano wa jambo hili, kwa kuwa kanuni zake za umbo zinajulikana na ni chache. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo, kwa kawaida, una mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana kina kimoja kinachobadilika ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne hubeba kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake maarufu ni wa mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una beti 3,000, yaani mishororo 12,000. Hakuna jicho linaloweza kupitia vina 12,000 bila kuchoka, na mhariri aliyechoka hupitiwa na makosa.

2.0 Lugha ya R na data ya vina

R ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata mfano wa lugha ya S iliyoanza kutengenezwa Bell Laboratories, Marekani, mwaka 1976. Toleo la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Kwa idara zenye bajeti finyu, sifa yake ya kwanza ni kwamba hupatikana bure. Ya pili, ambayo ndiyo muhimu kitaaluma, ni kwamba mchoro wake huandikwa kwa maneno. Mtafiti hatumii kipanya kukipaka rangi kisanduku kimoja kimoja. Anaandika amri, na amri hizo hubaki katika faili, zikaweza kusomwa, kuhakikiwa na kurudiwa na mtu mwingine.

Uchukuliwe mfano mdogo wa kubuni wenye beti sita, ambao bahari yake ni -ya. Silabi ya mwisho ya kila mshororo inaandikwa kwa mfuatano:

kina <- c("ma","ma","ma","ya",
          "ka","ka","ka","ya",
          "li","li","li","ya",
          "sha","sha","sha","wa",
          "ba","pa","ba","ya",
          "ni","ne","ni","ya")

Msomaji atagundua kwamba mfano huu una dosari tatu zilizotiwa kwa makusudi. Katika ubeti wa nne bahari imevunjika, -wa badala ya -ya. Katika ubeti wa tano mshororo wa pili una -pa kati ya -ba mbili. Katika ubeti wa sita mshororo wa pili una -ne kati ya -ni. Dosari hizi hazina uzito sawa, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 4.0. Kwa sasa inatosha kuuliza: je, mchoro utazionyesha?

3.0 Mchoro wa kwanza na kosa lake

Njia inayomjia mwanafunzi haraka ni kukigeuza kila kina kuwa namba, kuzipanga namba hizo katika jedwali lenye mistari minne, kisha kulipaka jedwali rangi:

n <- as.integer(factor(kina))
z <- matrix(n, nrow = 4)
image(1:4, 1:6, z[, 6:1], col = heat.colors(10))

Amri ya matrix hujaza safu baada ya safu, kwa hiyo kila safu ya z ni ubeti mmoja. Amri ya image nayo ina desturi yake inayowasumbua wengi: mistari ya jedwali huiweka kwenye mhimili wa ulalo, na safu huzipanga kutoka chini kwenda juu. Ndiyo sababu imeandikwa 6:1, ili ubeti wa kwanza ukae juu kama inavyosomwa. Matokeo ni umbo lenye visanduku vinne kwa upana na sita kwa kimo. Kila ubeti ni mstari mmoja wa mlalo, na bahari ni safu ya mwisho upande wa kulia.

Mpangilio huu una mvuto wake kwa mtafiti wa miswada. Katika baadhi ya miswada ya hati ya Kiarabu, vipande vinne vya ubeti huandikwa katika mstari mmoja, kuanzia kulia, hivi kwamba bahari hujipanga kama nguzo kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa. Akiandika z[4:1, 6:1] mahali pa z[, 6:1], mtafiti atapata mchoro unaofuata mwelekeo huohuo na anaweza kuuweka kando ya picha ya mswada.

Lakini rangi zimesema nini? Hapa ndipo tatizo lilipo. Amri ya factor hupanga vina kwa alfabeti: ba hupewa 1, ka 2, li 3, ma 4, ne 5, ni 6, pa 7, sha 8, wa 9, na ya 10. Amri ya heat.colors, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotumiwa na image pasipo mchoraji kuchagua, huanza na nyekundu kwa namba ndogo, ikapitia rangi ya chungwa, ikaishia kwenye manjano iliyopauka kwa namba kubwa. Kwa hiyo sha, wa na ya, vina vitatu visivyohusiana isipokuwa kwa kukaa mwishoni mwa alfabeti, vyote vimekuwa manjano. Ubeti wa nne, ambao ndio wenye dosari kubwa kuliko zote, unaonekana kama mstari wa manjano usio na ila: sha na wa hazitofautiani kwa jicho la kawaida, na upungufu wa bahari umemezwa. Kinyume chake, -pa iliyo kati ya -ba mbili inang'aa kama dhahabu kati ya nyekundu mbili, na msomaji ataikimbilia hiyo kwanza. Ne na ni, kwa kuwa zimefuatana katika alfabeti, zimepewa rangi mbili za chungwa zinazokaribiana mno.

Kwa maneno mengine, mchoro huu umechora alfabeti. Vina ni data ya majina: ba si ndogo kuliko ka, wala ya si kubwa kuliko wa. Rangi zinazopanda kwa ngazi, kutoka iliyokolea hadi iliyopauka, hubeba dai la mpangilio, na dai hilo kwa vina ni la uongo. Uongo wenyewe haukutokana na hesabu mbovu, kwani kila namba ni sahihi. Umetokana na kuoanisha data ya aina moja na rangi za aina nyingine.

Je, dawa ni kutumia rangi kumi zisizo na ngazi? Katika mfano wa beti sita ingewezekana, ingawa kwa taabu. Katika utenzi wa kweli kuna makumi ya vina, na jicho huanza kuchanganya rangi zikizidi nane hivi. R inatambua majina 657 ya rangi, na wingi huo humshawishi mtu kuamini kwamba ana rangi 657 za kutumia. Hana. Inapendeza kutaja kwamba majina hayo yametungwa kwa njia ileile inayojulikana katika Kiswahili. Ukiacha -eupe, -eusi na -ekundu, ambazo ni vivumishi vinavyopatana na nomino, Kiswahili huazima rangi kutoka kwenye vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda lake, kahawia kwa kahawa. Katika R vilevile kuna rangi ya nyanya, ya ngano, ya chokoleti. Lakini kuipa rangi jina hakuifanyi itofautike na jirani yake.

4.0 Kuchora swali badala ya data

Mhariri wa utenzi haulizi, "Kina hiki ni kipi?" Hilo analisoma. Anauliza, "Je, kanuni imefuatwa hapa?" Swali hilo lina majibu machache, na majibu machache yanahitaji rangi chache. Hatua inayotakiwa basi ni kuibadilisha data kabla ya kuipaka rangi: mahali pa kina kiwekwe hali ya kina.

Majibu yenyewe ni manne badala ya matatu, na sababu yake ni ya kihistoria. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, yaani fataha, kasra na dhuma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi ya zamani i na e huandikwa kwa kasra, u na o kwa dhuma. P na b pia mara nyingi hushirikiana herufi moja. Mtu anayeugeuza mswada kuwa hati ya Kilatini hulazimika kuamua: hapa ni -ni au -ne? Hapa ni -ba au -pa? Uamuzi wake huingia katika data, na baada ya kuchapishwa huonekana kana kwamba ni wa mtunzi. Kwa hiyo tofauti ya -ba na -pa katika ubeti wa tano, na ya -ni na -ne katika ubeti wa sita, yaweza kuwa ya mtunzi, ya mnakili, au ya mhariri wa karne ya 20. Tofauti ya -wa na -ya haina mlango huo. Wau na ya ni herufi mbili zisizofanana. Hapo kuna jambo la kuelezwa.

Tofauti hii ya uzito inaweza kuandikwa katika R kwa kutengeneza nakala ya pili ya vina, ambamo herufi zinazochanganywa na hati zimefanywa kuwa moja:

k <- matrix(kina, nrow = 4)
h <- matrix(chartr("peo", "biu", kina), nrow = 4)
hali <- matrix(1, 4, 6)
for (i in 2:3)
  hali[i, ] <- ifelse(k[i, ] == k[1, ], 1,
               ifelse(h[i, ] == h[1, ], 3, 4))
hali[4, ] <- ifelse(k[4, ] == "ya", 2,
             ifelse(h[4, ] == "ya", 3, 4))

Amri ya chartr imegeuza kila p kuwa b, kila e kuwa i na kila o kuwa u. Namba 1 sasa ina maana ya kina cha ndani kilichofuata kanuni. 2 ni bahari iliyotimia. 3 ni tofauti ambayo hati peke yake ingeweza kuizaa. 4 ni kanuni iliyovunjika bila kisingizio cha hati. Mtafiti anayeshughulikia miswada ambayo haionyeshi nazali kabla ya konsonanti, kwa mfano -da ikisimama pia mahali pa -nda, atalazimika kuongeza kanuni yake mwenyewe, kwa uangalifu ili asifute pia m ya -ma na n ya -ni. Kadhalika, kipimo hiki kinauchukulia mshororo wa kwanza kuwa ndio mizani ya wenzake. Kama dosari iko katika mshororo wa kwanza, ni ule wa pili na wa tatu utakaolaumiwa. Hilo si baya mradi lijulikane, kwani visanduku viwili vyeusi kando kwa kando humwelekeza mhariri arudi kwenye mshororo wa kwanza.

Kisha mchoro:

image(1:4, 1:6, hali[, 6:1], zlim = c(1, 4),
      col = c("grey85", "steelblue", "orange", "black"),
      axes = FALSE, xlab = "Mshororo", ylab = "Ubeti")
axis(1, at = 1:4)
axis(2, at = 1:6, labels = 6:1)

Sehemu kubwa sasa ni kijivu hafifu, kwa kuwa sehemu kubwa haina la kusema. Bahari ni mstari wa buluu ulionyooka kutoka juu hadi chini, wenye pengo moja jeusi katika ubeti wa nne. Visanduku viwili vya chungwa, katika ubeti wa tano na wa sita, vinadai kuangaliwa tena katika mswada kabla ya mtu kutoa hukumu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na rangi kumi ukaficha dosari kubwa. Huu una rangi nne, na dosari hiyo ndiyo inayoonekana kwanza.

Kipengele cha zlim katika amri hii kisichukuliwe kuwa cha ziada. Kisipoandikwa, image hutafuta namba ndogo na kubwa zilizomo katika data na kuzitandaza rangi zote kati yake. Ikitokea utenzi hauna dosari hata moja, data itakuwa na 1 na 2 tu. 1 itapewa rangi ya kwanza, na 2 itapewa ya mwisho, yaani nyeusi. Utenzi uliokamilika kuliko yote ungechorwa ukiwa na bahari iliyovunjika kila ubeti. Hili halitoi onyo lolote kwenye skrini, na mwanafunzi anayelinganisha tenzi mbili zilizochorwa kwa amri moja bila zlim anaweza kuandika sura nzima ya tasnifu juu ya tofauti isiyokuwapo.

Uchaguzi wa rangi zenyewe una sababu mbili. Kwanza, takriban mwanamume 1 kati ya 12 miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani, na shida hiyo ipo, kwa viwango mbalimbali, katika jamii zote. Seti ya kawaida ya R ya zamani ilianza kwa nyeusi, nyekundu na kijani. Ilibadilishwa katika toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, na toleo hilohilo lilileta amri ya palette.colors inayotoa seti ya Okabe na Ito iliyokusudiwa wasomaji wa namna hiyo. Pili, na kwa majarida ya vyuo hili ni la kila siku, kilichochapishwa kwa rangi kitasomwa kwa fotokopi. Kwa kipimo cha mng'ao cha 0 hadi 255, kijivu kilichotumika hapa kina takriban 217, chungwa 173, buluu 118, na nyeusi 0. Katika fotokopi vyote vinne hubaki mbalimbali. Kama dosari zingepakwa rangi ya nyanya, ambayo mng'ao wake ni takriban 142, zingekaribiana mno na buluu, na pengo la ubeti wa nne lingefifia katika mikono ya wasomaji wengi zaidi kuliko wale walioliona katika nakala ya kwanza.

5.0 Mizani: data yenye kitovu

Vina ni majina, lakini mizani huhesabika, na hapo ngazi ya rangi inakuwa halali. Hata hivyo ngazi ya upande mmoja haitoshi. Kinachotafutwa ni umbali kutoka nane, na umbali huo una pande mbili: mshororo wenye mizani saba umepungua, wenye tisa umezidi. Rangi inayofaa ni ile yenye kitovu kilichopauka na ncha mbili zinazokolea. Ikiwa m ni jedwali la hesabu za mizani:

image(1:4, 1:6, (m - 8)[, 6:1], zlim = c(-2, 2),
      col = hcl.colors(5, "Blue-Red"))

Mshororo wenye mizani nane utakuwa karibu mweupe, uliopungua utaelekea buluu, na uliozidi utaelekea nyekundu. Hapa pia zlim ndiyo inayokiweka kitovu mahali pake. Pasipo hiyo, utenzi ambao dosari zake zote ni za kuzidi ungekuwa na kitovu kisicho sifuri. Thamani iliyo nje ya -2 na 2 haitapakwa rangi yoyote, kwa hiyo kisanduku kilicho wazi kisidhaniwe kuwa kimetimia.

Kuipata m kwenyewe ndiko kugumu. Njia rahisi ni kuhesabu irabu:

nchar(gsub("[^aeiou]", "", mshororo))

Njia hii hufanya kazi kwa sehemu kubwa, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Inashindwa mbele ya nazali inayojitegemea kama silabi: mtu ina mizani mbili, irabu moja, nchi vilevile. Baadhi ya nazali hizo zinaweza kukamatwa kwa kanuni, kwa mfano m inayofuatwa na t, k au s. Lakini mb haikubali kanuni. Katika mbuzi nazali imeshikamana na konsonanti na neno lina silabi mbili. Katika mbunge nazali ni kiambishi cha ngeli kinachosimama peke yake, na silabi ni tatu. Maandishi hayatofautishi. Mashine itauona mshororo wenye mbunge kuwa na mizani saba, na kisanduku chake kitakuwa cha buluu.

Kwa sababu hiyo, katika mchoro wa mizani rangi mbili za pande hizo hazina uzito sawa wa ushahidi. Nyekundu mara nyingi hutoka katika mshororo wenyewe, au katika irabu mbili ambazo mtunzi alizihesabu kuwa moja. Buluu hafifu ya -1 mara nyingi hutoka katika hesabu ya mashine. Mhariri atakayeanza na visanduku vya buluu atautumia muda wake mwingi kuisahihisha programu. Akianza na vyekundu atakuwa anasoma utenzi. Maneno yaliyosahihishwa kwa mkono yawekwe katika faili ya pembeni inayosomwa kabla ya hesabu, neno na idadi ya silabi zake, ili mbunge isahihishwe mara moja tu kwa mishororo yote 12,000.